Kabla Hujashusha Pampu: Pikapu ya Dizeli Inapokuwa Ngumu Kuwaka

Hotuba kwa mafundi, madereva na wenye pikapu, Nakuru

Mafundi wenzangu, madereva, wazee wetu wenye magari, na ninyi vijana mnaojifunza kazi: hamjambo, na asanteni kwa kuacha kazi zenu mchana huu.

Nina ombi moja, na nitalitaja mwanzoni. Pikapu ya dizeli ikiletwa kwako kwa sababu ni ngumu kuwaka, pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli hadi kwenye nozeli za kunyunyizia, iwe kitu cha mwisho kushushwa. Kuitengeneza ni ghali, inataka benchi la kupimia, na ikirudishwa vibaya taimingi, yaani wakati wa kurusha dizeli, inahama, gari likawa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Na mara nyingi mno pampu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye waya wa ardhi uliooza, kwenye mpira wa dizeli wa bei ya chai na mandazi, au kwenye plagi mbili za kupasha moto silinda kabla ya kuwaka, ambazo hakuna aliyezipima.

Huku kwetu nchi yenyewe inatupa kazi ya ziada. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Nakuru ni karibu 1,850. Molo imefika 2,500, na ukipanda hadi Timboroa umepita 2,700. Pikapu inayowaka kwa mguso mmoja pale soko la Kibuye inaweza kukataa kabisa alfajiri inayofuata ikiwa imelala Molo na magunia ya viazi mgongoni. Haikuharibika njiani. Ugonjwa ilikuwa nao tangu Kisumu, joto la ziwa likausitiri. Kisha gari linavutwa hadi Nakuru, linafika saa tano jua likiwa kali, fundi anapiga stata, linawaka. Hapo ndipo maneno ya "pampu imechoka" huanzia, kwa sababu hakuna dalili iliyobaki ya kutazama.

Tukumbushane kinachotakiwa. Injini ya dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa hiyo ipate moto wa kuwasha dizeli inayorushwa ndani. Injini za Hilux za 2L, 3L na 5L hubana hewa mara 22 hivi. Za baadaye kama 1KD ya Toyota au 4JJ1 ya Isuzu hubana mara 17 au 18. Moto wa hewa hiyo hutegemea ilikuwa na joto gani ilipoingia, imebanwa kwa kasi gani, na kiasi gani kimevujia kwenye ringi za pistoni na vali. Hewa ya nyuzi 10 ya Molo alfajiri na ile ya nyuzi 25 ya Kisumu zinatofautiana kwa nyuzi 15 tu zikiingia, lakini mwisho wa kubanwa tofauti hiyo huwa imepita nyuzi 30. Stata ikizungusha polepole, hewa inapata muda wa kuvuja na kupoza moto wake kwenye kuta za silinda. Kwa hiyo maswali yetu ni haya: injini inazunguka kwa kasi ya kutosha? Dizeli inafika? Moto unatosha? Yajibiwe kwa mpangilio huo huo.

Lakini kabla ya kugusa spana, kaa na dereva. Mwulize gari linakataa likiwa baridi, au likiwa moto baada ya safari. Mwulize kama linawaka sekunde mbili tatu, linazima, halafu linahitaji stata ndefu. Jibu la ndiyo hapo ni hewa kwenye dizeli, na karibu uweze kuandika risiti. Mwulize lililala limeelekea mlima au limeelekea bonde. Pikapu nyingi tangi liko nyuma, na likiegeshwa pua juu dizeli hurudi kwenye tangi upesi zaidi ikiwa kuna mahali hewa inaingia. Dereva akikuambia "nikiliegesha pua chini linashika vizuri", ameshakufanyia nusu ya kazi. Mwulize pia filta ilibadilishwa lini, na mafuta ya mwisho yalitoka petroli steshoni au kwenye mtungi kando ya barabara. Halafu mwambie aliache gari kwako usiku kucha. Ugumu wa kuwaka asubuhi hupimwa asubuhi. Fundi anayekubali kupima saa saba mchana gari linalokataa saa kumi na moja alfajiri anajidanganya na kumdanganya mteja.

Tuanze na kuzunguka. Betri iliyotulia usiku kucha iwe na volti 12.6 hivi. Kwenye 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 haifai kupimia kitu, ichaji kwanza. Kisha weka mita kwenye betri, mtu apige stata, utazame. Volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka hadi 8 au 7, betri imekufa ndani, au stata inavuta umeme kupita kiasi. Zikibaki juu, 11 na kitu, na injini inajikokota, umeme unapotelea njiani.

Kipimo kinachofuata wengi hukiruka, nami nawasihi msikiruke. Mita iwe kwenye volti ndogo. Ncha moja iguse kichwa chenyewe cha chanya cha betri, yaani risasi, wala si kibanio. Ncha ya pili iguse boliti nene ya stata. Piga stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya huo au vibanio vyake vinakula umeme. Fanya vivyo hivyo upande wa ardhi: kutoka kichwa cha hasi hadi chuma kitupu cha injini. Hapo isizidi volti 0.3. Waya wa ardhi unaofunga injini na chesisi ndio huoza zaidi, hasa magari yanayobeba samaki na barafu, maana maji ya chumvi hayasamehi shaba. Ukiwa na shaka, chukua waya mzito wa kuazimia umeme, ufunge toka hasi ya betri hadi kwenye injini moja kwa moja, upige stata. Injini ikichangamka umemaliza, na mteja atalipia waya tu.

Kasi yenyewe inahesabika hata bila mashine. Injini ya dizeli ya kawaida inataka angalau mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Injini ya silinda nne hubana mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 200 ni mibano sita hadi saba kwa sekunde. Rekodi sauti ya stata kwa simu, icheze polepole, hesabu milio. Ukipata minne kwa sekunde, usiendelee kutafuta kosa la dizeli. Rudi kwenye betri, waya, stata, na oili pia: oili nzito ya namba 40 peke yake, asubuhi ya Mau Summit, ni kama uji. 15W-40 huzungushwa kwa urahisi zaidi ikiwa baridi.

Na ile stata inayotoa "klik" moja na kunyamaza, kisha ukijaribu mara ya tano inashika: kwenye stata nyingi za Toyota hizo ni shaba mbili zilizo ndani ya solenoidi, yaani swichi ya sumaku, zimelika. Hubadilishwa zenyewe. Hakuna haja ya stata nzima.

Sasa injini inazunguka vizuri lakini haiwaki. Mweke mtu nyuma atazame ekzosi wakati stata inapigwa sekunde kumi. Moshi unasema, na ni bure. Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Kama kuna moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, dizeli inafika ila haiungui. Tatizo ni moto, mbano au taimingi. Moshi mweusi mzito ni dizeli nyingi kuliko hewa: filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi, vali ya EGR (ile inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini) iliyokwama wazi, au nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza. Wa buluu ni oili, na hiyo ni injini iliyolika, tutafika.

Hakuna moshi. Kwa injini za pampu ya kawaida, zile zisizo za kompyuta, anza na solenoidi ya kuzimia, inayokata dizeli, iliyo juu ya pampu. Ufunguo ukiwashwa, iwe na volti 12, na ukigusisha waya wake usikie mlio mdogo. Ikikosa umeme, fuata fyuzi na waya. Ikiwa na umeme bila mlio, imekufa, na kazi imekwisha kwa kipuri kimoja kidogo.

Solenoidi ikiwa nzima, tunaingia kwenye hewa, na hapa nitakaa, kwa sababu hewa ndiyo inayosingizia pampu kuliko kitu kingine chochote.

Kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu, katika pikapu nyingi za pampu ya kawaida, dizeli haisukumwi, inavutwa. Maana yake tundu dogo kwenye njia hiyo halitoi dizeli nje ukaliona. Linaingiza hewa ndani, kimyakimya. Gari likiwa linatembea pampu huimeza hewa hiyo kidogo kidogo na husikii kitu. Likilala usiku, hewa inapanda, dizeli inateremka kurudi kwenye tangi, na asubuhi pampu inakuta bomba tupu. Injini inawaka kwa ile dizeli iliyobaki ndani ya pampu, inakohoa, inazima.

Pahali pa kutazama ni pachache na panajulikana. Pampu ya mkono juu ya filta: ngozi yake ya ndani hupasuka. Oringi ya kitambuzi cha maji au ya koki ya kumwagia maji chini ya filta: hubanwa mara mbili na filta mpya, hukunjwa, hukatika. Mpira wenyewe wa filta, uliofungwa kavu bila kupakwa dizeli. Mipira mifupi inayounganisha paipu za chuma, iliyokauka na kupasuka chini ya kibanio mahali macho hayafiki. Waya wa kufungia uliowekwa badala ya klampu. Huo uondoe leo hii, haubani duara sawasawa. Washa za shaba za boliti zenye tundu, zilizotumika mara tatu. Na ile mipira midogo yenye kitambaa inayorudisha dizeli kutoka nozeli moja hadi nyingine: ikilowa, hewa inaingilia hapo usiku na kuifuata dizeli inayorudi.

Namna ya kuthibitisha. Kata kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, sentimita 30 hivi, ukifunge kati ya filta na pampu. Washa gari, tazama. Mapovu machache mara baada ya kufunga ni kawaida. Yakiendelea baada ya dakika tano, hewa inaingia kabla ya hapo. Hamisha mpira uwe kabla ya filta. Mapovu yakitoweka, kosa ni filta au kichwa chake. Yakibaki, rudi nyuma kuelekea tangi. Asubuhi, kabla ya stata, utaona kwa macho yako kama mpira umejaa au ni mtupu.

Kipimo kikubwa zaidi, na ambacho kingeokoa pampu nyingi za mji huu, ni mtungi. Chukua mtungi safi wa lita 5, tia dizeli safi, uning'inize juu ya usawa wa pampu. Peleka mpira mmoja kutoka kwenye mtungi moja kwa moja hadi mlango wa pampu, na ule wa kurudisha uuelekeze ndani ya mtungi huo huo. Tangi, paipu na filta vyote umevitoa kwenye hesabu. Toa hewa, washa, zima, acha mpaka asubuhi. Likiwaka mara moja alfajiri, pampu ni nzima na kosa liko kwenye njia ya dizeli. Likikataa vile vile, njia haina kosa. Ni kazi ya usiku mmoja na mpira wa mita mbili. Usiliendeshe gari hivyo barabarani, ni kipimo tu, kwani dizeli hiyo haipiti filta.

Kama unatafuta tundu lisiloonekana, ligeuze liwe la kutoa badala ya kuvuta: funga mdomo wa tangi kwa kitambaa, ingiza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli kupitia paipu ya marejesho, na utaona unyevu ukitokea palipovuja. Kidogo nasema. Kompresa ya gereji itapasua tangi.

Ukiwa hapo hapo kwenye filta, mwaga chini yake nusu kikombe ndani ya chupa ya kioo, uiache dakika kumi. Maji hukaa chini ya dizeli na mstari wake unaonekana wazi. Msimu wa mvua, na kwa gari linalolala na tangi tupu karibu na ziwa, maji hayo si machache. Jaza tangi jioni, si asubuhi. Hewa ya usiku ikikosa nafasi ndani ya tangi haina pa kuacha maji yake.

Na kuhusu mafuta ya kando ya barabara nitasema kwa uchungu. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kulifanya serikali ipandishe ushuru wa mafuta ya taa kwa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili faida ya uchakachuaji ife. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi. Pampu na nozeli za dizeli hazina oili nyingine ndani. Dizeli ndiyo oili yake. Kila lita iliyochanganywa inasaga vyuma vilivyotengana kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Shilingi mia mbili anazookoa dereva kwa wiki zitalipwa zote kwa siku moja, na tena mwenye gari ndiye atakayelipa, si dereva.

Turudi kwenye moshi mweupe. Dizeli inafika, haiungui. Hapa plagi za kupasha, ambazo sisi mafundi tunaziita hita plagi, ndizo za kwanza. Tafadhali msiiamini ile taa ya dashibodi. Kwenye magari mengi taa hiyo huhesabu muda tu. Itawaka na kuzima vizuri hata plagi zote nne zikiwa zimekufa. Toa ule ukanda wa shaba unaoziunganisha, chukua taa ya kupimia, banio lake kwenye chanya ya betri, ncha iguse kichwa cha kila plagi. Ikiwaka kwa nguvu, plagi ina waya mzima ndani. Isipowaka, imekatika. Kwa mita ya omu, plagi nzima husoma omu moja hivi, kidogo juu au chini. Iliyokufa haisomi kitu. Kisha rudisha ukanda, washa ufunguo, pima kama umeme unafika hapo kweli. Usipofika, tazama rilei na fyuzi kubwa.

Onyo la kweli hapa: plagi si zote za volti 12. Kuna za volti 6 zinazopewa umeme mwingi kwa muda mfupi, na za kisasa za kauri zenye volti ndogo zaidi. Mbili zinaweza kufanana uzi na urefu. Ukifunga ya volti 6 kwenye gari la volti 12 itaungua kwa siku chache, na ncha ikivunjika ikaangukia silindani, hiyo ni hedi, kichwa cha injini, kushuka. Soma namba iliyochongwa kwenye shingo ya ile ya zamani, ununue namba hiyo. Na ubadilishe zote nne.

Injini zenye chumba cha pembeni kwenye hedi, kama hizo 2L, 3L, 5L, TD27 ya Nissan na 4D56 ya zamani, huhitaji plagi hata Kisumu, maana chumba kile hupoza hewa. Isuzu 4JA1 hurusha dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo plagi zake zinaweza kufa zote na dereva wa Kisumu asijue mwaka mzima. Atajua siku akilala Kericho au Molo.

Plagi zikiwa nzima na moshi mweupe ukabaki, pima mbano. Toa plagi zote, fyuzi au waya wa solenoidi ya kuzimia uwe umetolewa ili dizeli isiingie, betri iwe imejaa, na gaji iwe ya dizeli. Ya petroli itapasuka. Sasa sikilizeni, kwa sababu kitabu cha gari kiliandikwa kwa usawa wa bahari. Kwa 2L na 3L kinasema kilo 32 kwa sentimita ya mraba kwa injini nzuri, na mwisho kilo 20. Injini ile ile nzuri, bila kulika hata kidogo, itasoma karibu 28 Kisumu, 25 au 26 hapa Nakuru, na 23 au 24 Molo, kwa sababu hewa inayoingia ni nyepesi. Fundi anayesoma 25 akasema ringi zimekwisha, amelaumu injini kwa kosa la mlima. Kinachosema zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi kilo 5, kuna silinda moja mgonjwa, na hiyo haitegemei mwinuko.

Kabla ya kuhukumu ringi, pima nafasi za vali. Vali iliyobana haifungi sawasawa na mbano unavujia hapo. 4JA1 inataka milimita 0.40 kwa zote, injini ikiwa baridi. Kazi ya saa mbili imewahi kufanya injini nyingi ziitwe nzima tena. Na kwa zile zenye mkanda wa taimingi, uliza ulibadilishwa lini. 2L na ndugu zake wanataka kila kilomita 100,000. Mkanda ukiruka jino moja, gari huwa gumu kuwaka, zito mlimani, na lina moshi. Kumbukeni kwamba kulisukuma gari au kulivuta kwa kamba ili liwake ndiko kunakorusha jino la mkanda uliozeeka.

Na wale wanaochovya kitambaa kwenye petroli na kukiweka kwenye mdomo wa hewa, au wanaopuliza ile dawa ya kopo: nawaomba muache. Plagi za kupasha zikiwa nyekundu, mvuke huo huwaka kabla pistoni haijafika juu, na mlio mnaousikia ni pistoni ikipigwa kinyume. Ringi huvunjika, fito hupinda. Na mtu aliyeinama juu ya boneti ana uso na macho.

Ugumu wa injini ikiwa moto ni ugonjwa tofauti, na huu ndio wa pampu kweli. Asubuhi gari linawaka vizuri. Dereva akizima Salgaa anywe chai, halishiki mpaka lipoe. Dizeli ikiwa moto inakuwa nyepesi, na ndani ya pampu iliyolika inavuja badala ya kusukumwa. Funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji ya baridi, ngoja dakika kumi, piga stata. Likiwaka, sasa unaweza kushusha pampu, na una sababu mkononi. Usimwage ndoo ya maji juu yake. Chuma moto kikipozwa ghafla hukwama.

Kwa za komoni reli, yaani zinazolisha nozeli zote kwa paipu moja ya presha chini ya kompyuta, kama 1KD, 2KD, 4JJ1, YD25, nitapita haraka kidogo, si kwa sababu ni rahisi bali kwa sababu kompyuta inasema mengi yenyewe. Mshale wa mizunguko ukikaa sifuri wakati stata inazunguka, shuku kwanza kitambuzi cha krenki, kinachosoma mzunguko wa injini. Ukipanda kidogo, tazama kwenye mashine ya kusomea kompyuta presha ya reli: kompyuta nyingi haziruhusu nozeli kufunguka mpaka presha ifike megapaskali 20 hadi 30. Msimbo P0087 unasema presha haifiki, lakini hausemi kwa nini. Tena anza na filta na hewa. Kisha weka chupa nne ndogo kwenye marejesho ya nozeli nne, piga stata sekunde kumi na tano, linganisha. Nozeli inayorudisha mara mbili au tatu ya wenzake ndiyo inayoiba presha. Zikilingana zote na ni kidogo, tazama vali ya kudhibiti mvuto kwenye pampu ya presha, ile ya nati mbili. Hukwama, na hubadilishwa bila kushusha pampu. Betri ya injini hizi iwe nzuri kuliko ya zile za zamani, maana volti zikianguka kompyuta inazima kabla ya injini kuwaka. Na kamwe, kamwe usilegeze nati ya paipu ya presha huku injini inazunguka. Dizeli hiyo inatoboa ngozi kama sindano, jeraha linaonekana dogo na kidole kinakatwa wiki ijayo. Akidungwa mtu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, si kesho.

Sasa tutoke nje. Ile Hilux ya 3L iliyoegeshwa chini ya mti haijawashwa tangu jana jioni, na betri yake imechajiwa usiku. Boneti isifunguliwe bado. Vijana wawili wakae na dereva wamwulize yale maswali, na mmoja ayaandike. Kijana wa tatu asimame nyuma, upande, atazame ekzosi. Nani ana mita?